Mahubiri Hayamrudishi Mtoro

Kuna kauli iliyozoeleka mno katika vyumba vya walimu, nayo ni hii: "Asiyetaka shule na aende zake, ulimwengu utamfunza." Wenye kuitamka huitamka kwa utulivu, kana kwamba wametoa hukumu ya hekima. Sisi tunaipinga, na tunaipinga hasa inapotoka kinywani mwa mwalimu wa Kiswahili, maana yeye kuliko wenzake wengi ana uwezo wa kumzuia kijana asiondoke.

Tutaeleza kwa mfano wa mahali mahususi. Rwimbogo ni tarafa ya wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, katika eneo lililoitwa mkoa wa Cyangugu hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006. Bonde la Bugarama na mashamba yake ya mpunga liko karibu; ng'ambo ya mto Rusizi ni Kongo; mpaka wa Burundi nao hauko mbali. Katika pembe hii Kiswahili hakikungoja Bunge la Rwanda likifanye lugha rasmi mwaka 2017. Kilikwisha kuwako zamani, sokoni na mpakani.

Sasa tumfikirie kijana wa miaka 16 wa sehemu hiyo, aliye mwaka wa pili wa sekondari. Ameanza kwa kuchelewa, kisha akakosa siku mbili kwa juma, kisha juma zima. Akija hukaa nyuma, na akiulizwa hujibu kwa ukali. Kijana huyu huitwa mtukutu. Kinachofuata kinajulikana: huitwa ofisini, husimamishwa mbele ya watu wazima watatu au wanne, akahubiriwa. Huambiwa kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huitikia "Ndiyo, mwalimu" mara kumi, na Jumatatu ifuatayo hayupo.

Mahubiri hayo hushindwa kwa sababu yanajibu swali ambalo kijana hakuuliza. Faida ya elimu anaijua. Linalomsumbua ni jingine, na aghalabu lina bei. Mwezi Septemba 2022 mchango wa mzazi kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ulipangwa kuwa faranga 19,500 kwa muhula. Nyumba yenye watoto watatu wa sekondari hudaiwa basi faranga 58,500, kabla ya daftari na sare. Kijana anayejua kwamba jina lake limo katika orodha ya wanaodaiwa hukimbia aibu kabla hajakimbia shule. Tena, tangu uamuzi wa serikali wa mwaka 2008, masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Asiyekielewa hukaa kutwa nzima amefunga kinywa, na umri wake unampita wenzake darasani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye kuelewa hamjui asiyeelewa.

Wako watakaotuuliza: "Kijana huyu akibeba mizigo mpakani anapata fedha leo hii. Shule itampa nini?" Hoja hii ni nzito, wala haifai kudharauliwa. Jibu letu ni kwamba fedha ya mpakani ni fedha ya kweli, lakini mlango wake hufungwa kwa amri moja. Mwezi Machi 2020, kwa sababu ya korona, Rwanda ilifunga mipaka yake isipokuwa kwa bidhaa na kwa raia na wakazi waliokuwa wakirejea. Mwezi Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Siku kama hizo mchukuzi huhitaji pa kwenda, na cha kuonyesha afikapo. Mtihani wa taifa wa kwanza wa sekondari hufanywa mwishoni mwa mwaka wa tatu. Anayetoka katika mwaka wa pili ametoka hatua moja kabla ya cheti. Haya kijana na aelezwe, kwa tarehe na kwa hesabu, kama mtu mzima anavyoelezwa biashara. Hesabu ataipima mwenyewe. Mahubiri huyavumilia tu mpaka yaishe.

Lakini kabla ya kuelezwa, na aulizwe. Aitwe peke yake, apewe kiti, aambiwe: "Mwanangu, ni nini kinachokufanya uione shule kuwa nzito siku hizi?" Kisha mwalimu anyamaze. Tatizo lenye bei litafutiwe ufumbuzi wa bei: mwalimu mkuu na mzazi wakubaliane kulipa kidogo kidogo, na orodha ya wadaiwa isisomwe mbele ya darasa. Lililo zito kuliko uwezo wa mwalimu, kama vile kipigo nyumbani, lipelekwe kwa wenye mamlaka ya kumlinda mtoto.

Hapo ndipo tunapomtaka mwalimu wa Kiswahili asikilize zaidi. Kijana wa Rwimbogo aliyekwisha kuonja kazi ya mpakani huja katika somo letu akiwa na mali. Anajua kupatana bei kwa Kiswahili, kubembeleza na kutania. Hata hivyo, baadhi ya wenzetu humpokea kwa kalamu nyekundu: "Hicho si Kiswahili, hicho ni cha Kikongo!" Mtoto aliyenyamaza tangu asubuhi amefungua kinywa mara moja, na mara hiyo hiyo anafungwa tena.

Hatusemi kwamba Kiswahili sanifu kiachwe. Mtihani haujibiwi kwa lugha ya sokoni, na anayemdanganya mwanafunzi kuhusu jambo hilo anamdhulumu. Tunachodai ni utaratibu: kwanza akubaliwe kuwa anajua, ndipo aonyeshwe tofauti. Akisema "batoto", mwalimu aandike ubaoni neno hilo, aandike na "watoto", kisha aulize darasa Kinyarwanda husemaje. Watajibu "abana", na kwa watu watasema "abantu". Hapo somo la ngeli limeanza kutoka kinywani mwa mtoro, na darasa zima limemwona akiwa mwalimu kwa dakika tano. Anayejua kwamba kesho atahitajiwa ana sababu ya kuja kesho.

Mwisho, kiti chake kibaki wazi. Kenya iliweka mwaka 1994 mwongozo wa kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua. Tanzania iliwafungulia mlango huo tarehe 24 Novemba 2021. Ikiwa nchi zimekubali kwamba aliyetoka aweza kurudi, haifai mwalimu mmoja amfute kijana kwa sababu ya juma tatu za utoro. Lakini waraka haumfuati mtoto nyumbani. Hufuatwa na mtu, na mtu huyo ni lazima ajue jina lake.

Wenzetu husema ulimwengu utamfunza. Ulimwengu haukuajiriwa kwa kazi hiyo. Walioajiriwa ni walimu. Basi, ndugu mwalimu, utakapomwona tena yule wa nyuma asiyesema, usimwite ofisini kumhubiria. Muulize, nawe ukae kimya mpaka akujibu.