Taa za angani Tungue: uvumi usivuke mpaka kabla ya taarifa

Ghuba ya Tungue, ulipo mji wa Palma, ni mahali ambapo taa isiyojulikana angani haichukuliwi kuwa mzaha. Mwanga mmoja ukionekana usiku juu ya bahari, habari zinaweza kufika Mtwara kabla ya alfajiri, kila mdomo ukiwa umeongeza chake. Kwa mfanyabiashara anayevusha mchele, sabuni au samaki wakavu, suala si viumbe wa sayari nyingine. Suala ni kama mashua iondoke na maji au mzigo urudi ghalani.

Hofu hiyo ina historia. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa na watu wenye silaha waliovuka mto Ruvuma. Machi 24, 2021 ikawa zamu ya Palma. Mwezi uliofuata TotalEnergies ikasimamisha mradi wake wa gesi wa Afungi, na Julai mwaka huohuo vikosi vya Rwanda vikaanza kuwasili Cabo Delgado. Aliyepita katika hayo halaumiwi akifunga duka kwa sababu ya mwanga asioujua.

Hata hivyo, nyingi ya taa zinazoweza kuonekana huko zina maelezo. Ya kwanza ni gesi yenyewe. Meli ya kuchakata gesi ya Coral Sul, yenye urefu wa mita 432, imetia nanga katika bahari kuu mbele ya Palma, na shehena yake ya kwanza iliondoka Novemba 2022. Mitambo ya aina hiyo huchoma gesi kwa mwali mkubwa, hasa inapowashwa au inapopata hitilafu, na mwali wa namna hiyo unaweza kuyapaka mawingu rangi ya chungwa bila moto wenyewe kuonekana.

Ya pili ni setilaiti. Starlink, iliyoanza huduma Msumbiji Juni 2023, hurusha setilaiti zake kwa makundi. Siku chache baada ya kurushwa hupita kama shanga zilizotungwa kwenye uzi, muda mfupi baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza. Hazina sauti wala hazipepesi.

Ya tatu ni vimondo na mabaki ya roketi. Kimondo huwaka sekunde chache tu. Mabaki ya roketi huenda polepole zaidi, yakikatika vipande vyenye mikia ya moto. Desemba 30, 2024 pete ya chuma yenye uzito wa takriban kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni nchini Kenya. Wanakijiji walitoa taarifa, Shirika la Anga za Juu la Kenya likaichukua na kueleza kuwa ni sehemu ya roketi.

Zipo taa mbili ambazo hazifai kupuuzwa. Moja ni ndege zisizo na rubani, ambazo huweza kuganda mahali pamoja na kugeuka ghafla. Nyingine ni fataki nyekundu ya dharura, inayopaa na kushuka taratibu kwa mwavuli wake kwa sekunde 40 au zaidi. Hiyo ni sauti ya mabaharia wanaozama. Anayeiona akadhani ni vita, akazima taa na kunyamaza, huenda ameacha watu wafe maji.

Uvumi nao huua. Aprili 7, 2024 zaidi ya watu 90 walikufa maji karibu na Kisiwa cha Msumbiji, mkoani Nampula, baada ya kujazana katika chombo cha uvuvi. Maofisa walisema walikuwa wakikimbia uvumi kuhusu kipindupindu. Hakuna aliyewafukuza kwa bunduki. Walifukuzwa na maneno.

Taarifa nzuri hugeuza maneno kuwa msaada. Juni 2, 2018 jiwe la angani liliwaka juu ya Botswana. Picha za kamera za ulinzi zilisaidia wataalamu kukadiria lilikoangukia, na baada ya wiki tatu kipande kikaokotwa katika hifadhi ya Kalahari. Kilichohitajika ni kujua saa, mahali alipo mtazamaji, upande wa dira, kimo kutoka upeo wa macho, rangi, mwendo na muda. Nahodha yeyote anaweza kuyasema hayo.

Ugumu wa Tungue ni kwamba anayetoa taarifa naye anaweza kushukiwa. Januari 2019 mwandishi wa redio ya jamii Amade Abubacar alikamatwa Macomia, Cabo Delgado, akiwa kazini miongoni mwa watu waliohama makwao, akakaa kizuizini zaidi ya miezi mitatu. Mchuuzi mwenye picha za anga ya Afungi kwenye simu yake ana sababu ya kuogopa kituo cha ukaguzi.

Njia salama zaidi ni taarifa ya kikundi. Upande wa Tanzania kuna vikundi vya wavuvi vya BMU. Upande wa Msumbiji kuna mabaraza ya wavuvi ya CCP. Vyote vinafahamika serikalini. Vikiunganishwa kwa simu moja, na majibu ya mamlaka yakarudi kwa Kiswahili na Kimwani, nahodha wa Msimbati na mwenye duka wa Palma watasikia jambo lilelile kwa wakati mmoja. Fataki ya dharura iende moja kwa moja kwa mamlaka za bahari na chombo kilicho karibu.

Haraka inahitajika, kwa sababu taa zitaongezeka. Oktoba 2025 Eni na washirika wake waliidhinisha meli ya pili ya gesi, Coral Norte, na mwezi uliofuata TotalEnergies ikaondoa zuio la Afungi. Mitambo, meli na ndege vitazidi katika anga ileile. Soko la mpakani likiendelea kufungwa kwa kila mwanga, hasara itabaki kwa mwenye mzigo, huku mwenye gesi akiendelea kupakia.