Kisumu Ianze na Anayetembea

Kisumu inajivunia barabara ya juu ya Kondele, na ni haki yake. Lakini mama anayebeba samaki kutoka Dunga, au kijana anayetoka Manyatta kwa miguu kwenda kibaruani, hapiti juu. Anapita chini, akigombania ukingo wa barabara na tuktuk na bodaboda.

Mpango wa usafiri endelevu wa Kisumu wa mwaka 2020, ulioandaliwa kwa msaada wa mashirika ya ITDP na UN-Habitat, uliwatanguliza watu kama hao: waenda kwa miguu, waendesha baiskeli, abiria wa magari ya umma. Ni mpango mzuri. Katikati ya mji, njia za miguu kwenye Barabara ya Oginga Odinga zimeonyesha kwamba inawezekana.

Sasa kazi ihamie mitaa ya Nyalenda, Obunga na Manyatta, wanakoishi wanaotembea zaidi.

Matatu nazo zipewe vituo vinavyojulikana na ratiba. Abiria kukaa stendi hadi gari lijae ni saa za kazi zinazopotea, na mvua ikinyesha nauli hupanda. Kaunti ikae mezani na sacco za matatu, wamiliki wa tuktuk na wanabodaboda kabla ya kuchora ramani yoyote, kwa sababu wao ndio wanaoibeba Kisumu kila siku.