Tamko la wauza ndagala wa Kasongo na Kabambare kuhusu mwani wenye sumu

Sisi wauza samaki, akina mama kwa akina baba, wa teritwari za Kasongo na Kabambare, tunasema na serikali ya Jimbo la Maniema, Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia cha Uvira na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika.

Ziwa Tanganyika haliko jimboni mwetu. Lakini samaki wadogo ndagala tunaowauza hutoka humo, na maji yake hutokea Kalemie kwa mto Lukuga, huingia Lualaba, yakapita karibu nasi. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza.

Ndagala hula vidudu vya maji viitwavyo kopepodi, navyo kopepodi hula mwani. Mwani ukifumka ghafla hadi maji yakawa kijani, mtu atadhani vidudu vimepata karamu. Sivyo. Mwani wa aina ya sianobakteria hufanya nyuzi na mabonge yasiyomezeka, na baadhi yao wana sumu. Kidudu kinachoimeza hudumaa, hutaga mayai machache, pengine hufa. Kopepodi hujua kuchagua chakula na kukwepa kibaya, ila maji yakijaa kibaya kitupu, kuchagua ni kulala njaa. Njaa hiyo humfikia ndagala, kisha samaki mikebuka anayemla ndagala.

Jambo hili si geni: kaskazini mwa ziwa maji yalifumka mwani katikati ya miaka ya 1950. Ndagala wakiadimika, lawama zote huangukia nyavu. Nyavu zina kosa lao, lakini hakuna wavu unaokamata samaki aliyekosa chakula tangu utotoni.

Tena, sumu ya mwani huo iitwayo mikrosistini hukaa zaidi kwenye ini na matumbo ya samaki, na kuchemsha hakuiondoi. Ndagala tunamla mzima, na matumbo yake. Hatusemi waliopo sokoni leo wana sumu. Anayevumisha hivyo anawanyima watoto kitoweo bila ushahidi. Tunadai ushahidi wenyewe.

Tunaomba kopepodi wahesabiwe kila msimu pamoja na samaki, Kalemie, Baraka na Uvira. Maji yakigeuka kijani, sumu ipimwe katika maji na katika ndagala wazima, si minofu tu. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrosistini cha mikrogramu 1 kwa lita kwa matumizi ya muda mrefu. Na majibu yasomwe redioni kwa Kiswahili kabla magunia hayajapakiwa kuja kwetu.