KIWANJA CHA KIRUMBA NI CHA NANI?

Wako watu ambao kila wakisikia sisi wa upinzani tumetaja mpira huinua mikono juu wakasema, "Msitie siasa katika michezo." Neno hilo lina sura nzuri, na lau lingetoka kinywani mwa mtu asiye na hisa ndani yake tungelinyamazia. Lakini wanaolisema zaidi ni wale ambao jina la chama chao limeandikwa mlangoni mwa kiwanja. Mtu amekwisha kuitia siasa katika saruji, akaipaka na rangi, kisha anatugeukia sisi tuliosimama katika foleni ya tiketi na kutuonya tusiitie katika maneno!

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba, haya tunayaandika kutoka Mwanza, ambako sisi wachache wa Visiwani tumefuata riziki ya duka. Wengi wenu hamjapata kuufika mji huu, basi na tuwaeleze kidogo. Ni mji wa majabali yaliyopandana juu ya maji ya Ziwa Viktoria. Upande wa Kirumba liko soko la samaki na dagaa liitwalo Mwaloni, ambako wanunuzi hufika hata kutoka Kongo. Na katika sehemu hiyo hiyo ya mji ndipo kilipo kiwanja kikubwa cha mpira cha Kanda ya Ziwa. Jina lake kamili ni CCM Kirumba. Tafadhalini lisomeni tena, maana ndani ya jina hilo ndimo ulimo ugomvi wetu wote.

Watu wa hapa na mpira ni chanda na pete. Agosti 10, 1974 Simba na Yanga walitoka Dar es Salaam wakaja kukata shauri la ubingwa katika kiwanja cha Nyamagana, katikati ya mji huu, na Yanga wakashinda mabao 2 kwa 1. Wazee huitaja siku hiyo kama watu wanavyoutaja mwaka wa njaa au wa mafuriko, kwa kupimia umri. Kisha ikaja timu ya Pamba. Mwaka wa 1990 Pamba wakautwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano, ligi ambayo ninyi mnaikumbuka vizuri kuliko watu wa huku, kwani KMKM waliichukua 1984, Malindi wakaichukua 1989, na Malindi hao hao wakairudia 1992. Siku hizo mtu wa Mwanza alipomtaja mtu wa Malindi alimtaja kwa adabu. Ligi ile ilikoma baada ya 2003. Pamba nao walikwisha kuporomoka, wakakaa nje ya Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 20, hata waliporejea katika msimu wa 2024/25 kwa jina la Pamba Jiji, chini ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Mji mzima ulifurahi, na sisi pia tulifurahi. Hata mwenye kudaiwa dukani siku ile alipita mbele yetu kifua mbele.

Lakini timu ya Jiji inachezea wapi? Inachezea katika kiwanja cha chama.

Sisi tumesoma chuoni kabla ya kusoma kitu kingine, na chuoni tulifundishwa hukumu ya wakfu. Mtu akitoa ardhi au nyumba kwa manufaa ya umma, huwekwa mutawalli wa kuiangalia. Mutawalli hulinda, hutengeneza palipobomoka, hukusanya kodi na kuipeleka panapostahiki. Anaweza kukaa na amana hiyo miaka 40, ndevu zake zikawa nyeupe kama pamba, na bado mali haigeuki kuwa yake, wala wanawe hawairithi. Akidai kuwa ni yake kwa sababu ameikaa sana, kadhi hamuulizi ameikaa muda gani. Humuuliza aliipata vipi.

Basi na tuulize hivyo hivyo. Tangu 1965 Bara ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Februari 5, 1977 TANU na Afro-Shirazi vikaungana kuwa CCM, na mpaka 1992 hapakuwa na chama kingine chochote kilichoruhusiwa kupumua. Katiba yenyewe ilikiweka chama juu ya Serikali, na hazina ya Serikali ilikilisha chama. Mkulima wa pamba wa Magu, mvuvi wa Ukerewe, mwalimu, karani, mwenye duka, wote waliishi chini ya dari moja kwa kuwa dari nyengine ilikuwa haramu. Senti iliyotoka kwa mkulima ikaingia katika chama, na senti iliyotoka kwa mkulima huyo huyo ikaingia Serikalini, hakuna aliyejua mpaka baina yao, maana mpaka wenyewe haukuwapo. Katika zama hizo ndipo viwanja hivi vilipopewa jina la chama au vilipotiwa mkononi mwake. Kisha 1992 mlango ukafunguliwa, watu wakaambiwa: mwenye kutaka kutoka na atoke. Tulipouliza habari ya vyombo vya nyumbani, tukaambiwa: tokeni ninyi, vyombo viacheni.

Sisi wenye maduka twajua inavyokuwa ushirika ukivunjika. Daftari hufunguliwa, mali hukisiwa, kila mtu hupewa fungu lake, hata kama fungu hilo ni mizani mbovu na magunia matupu. Mshirika anayesema duka lote ni langu kwa kuwa ufunguo uko mfukoni mwangu, mtaa mzima humjua jina lake.

Wala si Kirumba peke yake. Hesabuni wenyewe: Kambarage pale Shinyanga, Sokoine pale Mbeya, Ali Hassan Mwinyi pale Tabora, Sheikh Amri Abeid pale Arusha, Mkwakwani pale Tanga, Majimaji pale Songea. Vyote ni mali ya chama kimoja. Ligi Kuu ya nchi haiwezi kuzunguka msimu mmoja bila ya kubisha hodi kwa mwenye nyumba huyo na kumlipa.

Wao wana jawabu lao, nasi tutalitaja kwa uadilifu. Wanasema: sisi ndio tuliovitunza viwanja hivi, na lau tungeviacha vingekuwa mashamba ya mihogo. Ama utunzaji, na tuutazame. Si mara moja Bodi ya Ligi imevifungia viwanja vya chama hicho kwa ubovu wa mahali pa kuchezea, timu za wenyeji zikafunga virago kwenda kucheza mikoa ya watu. Hapa hapa Mwanza kiwanja cha Nyamagana, ambacho ni cha Halmashauri ya Jiji, kina nyasi bandia, na watoto hucheza asubuhi mpaka jioni. Hatusemi kwamba Halmashauri ni malaika. Tumelipa ushuru wao miaka mingi na twawajua. Lakini diwani akiharibu kiwanja cha Jiji, mpiga kura ana pa kumshitaki. Chama kikiharibu kiwanja chake, utakwenda kukishitaki kwa nani? Kwa katibu wake?

Na zamani labda jambo hili lilikuwa dogo, mpira ukiwa ni mchezo wa jioni. Leo mpira ni biashara. Mwaka wa 2021 haki ya kuonyesha Ligi Kuu katika televisheni iliuzwa kwa Azam kwa miaka 10, kwa shilingi bilioni 225.6. Wachezaji hutoka Ghana, Kongo, Afrika Kusini, nao hulipwa mishahara ambayo mbunge angeitamani. Katika biashara kubwa kama hii, mwenye kiwanja ana fungu lake katika kila tiketi inayokatwa mlangoni. Kwa hivyo mwanachama wetu wa Mwanza, mwenye kadi yetu mfukoni, akenda kuitazama Pamba, amekwisha kukichangia chama anachokipinga. Hakuulizwa. Akitaka kukataa, hana budi kuukataa mpira wenyewe. Tangu lini mchango wa chama ukakatwa mlangoni mwa mchezo?

Tuje kwenye habari ya polisi, ambayo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Katikati ya 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilipigwa marufuku nchini, na sababu tuliyoambiwa ni amani. Ikasemwa kwamba watu wakikusanyika wengi pahali pamoja, usalama utavunjika. Marufuku hiyo ilikaa mpaka Januari 3, 2023. Sasa sikilizeni. Aprili 30, 2017, ndani ya marufuku hiyo, Mbao, timu ndogo ya mji huu, iliikaribisha Yanga hapa Kirumba katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, na ikaitoa kwa bao 1 kwa bila. Majukwaa yalijaa. Watu walipiga makelele, walitukanana kidogo, walikumbatiana na wasiowajua, wakarudi majumbani kwao. Polisi walikuwapo, walisimama wakatazama mpira kama watu. Amani haikuvunjika. Siku hiyo hiyo, lau viongozi wa chama chochote cha upinzani wangeita sehemu ya kumi ya watu wale kusikiliza hotuba katika kiwanja cha Furahisha, si mbali na hapo, wangekutana na magari ya maji ya kuwasha na mabomu ya machozi.

Na marufuku ilipoondoka, mkutano wa kwanza mkubwa wa upinzani ulifanyika wapi? Ulifanyika Furahisha, Mwanza, Januari 21, 2023. CHADEMA waliuita, watu wakafurika, wakasikiliza, wakatawanyika. Lile balaa la miaka zaidi ya 6 tuliloambiwa linangoja nje ya mlango halikuonekana. Basi kilichokuwa kikiogopwa ni wingi wa watu, au ni maneno watakayoyasikia?

Ninyi mliozikumbuka maiti za Januari 27, 2001 kule Pemba hamhitaji kufundishwa na sisi namna polisi wanavyoupima mkusanyiko. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, maandamano yalizuka katika miji ya Bara, na Mwanza ikiwamo. Intaneti ikakatwa, watu wakauawa kwa risasi, na idadi yao ikawa jambo la kubishaniwa. Vijana waliotoka njiani siku ile hawakushuka kutoka mawinguni. Ndio hawa hawa wa majukwaani, wauza dagaa, waendesha bodaboda, wanafunzi, ambao kila wiki askari wamewaona Kirumba wakishangilia na hawakuwaona kuwa ni maadui.

Tena utashangaa dola hii namna mkono wake unavyorefuka na kufupika. Machi 8, 2025 Simba na Yanga walikuwa wacheze Dar es Salaam. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walikwenda kufanya mazoezi katika kiwanja cha Benjamin Mkapa, mali ya Serikali, wakasema wamezuiwa mlangoni na walinzi wa Yanga. Wakagoma kucheza, Bodi ikaahirisha, watu waliosafiri kutoka Mwanza kwa basi usiku kucha wakarudi na tiketi zao mikononi. Mchezo haukuchezwa mpaka Juni 25, Yanga wakashinda 2 kwa bila. Hatutaki kuingia katika ugomvi wa Simba na Yanga. Humu dukani mwetu ugomvi huo umekwisha kuvunja vikombe viwili. Swali letu ni jengine. Mkono uliokuwa mrefu kufika Furahisha miaka yote ile, ulifupishwa na nini usifike katika lango la kiwanja cha Serikali yenyewe?

Huku Bara kuna timu za Magereza na za jeshi katika Ligi Kuu, lakini kwenu Visiwani jambo limepita mpaka. KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo, Zimamoto, Polisi: hiyo ni orodha ya timu za mpira, au ni gwaride? Mchezaji wa Malindi ananunuliwa viatu kwa michango ya wapenzi wanaokaa barazani. Mchezaji wa kikosi ni askari mwenye mshahara wa Serikali, na timu yake haijui kufilisika. Kisha twashangaa kwamba ubingwa umehamia makambini, na vilabu vya mitaani vilivyolea vijana vinakufa kimoja kimoja! Vikosi hivyo ndivyo ambavyo kila uchaguzi ukija vyama vya upinzani hulalamika juu ya kazi vinazopewa. Jumamosi hukutana na kijana wa mtaani katika ligi, na mwaka wa uchaguzi hukutana naye katika foleni ya kura. Katika pahali pote pawili yeye hana filimbi.

Kuna na habari ya zawadi, nayo hatutairefusha. Mwaka wa 2023 Rais aliahidi shilingi milioni 5 kwa kila bao la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika, na watu wakaliita bao la Mama. Mchezaji mwenye njaa na apokee, halali yake. Lakini fedha ya hazina ikitolewa kwa mkono wa mtu mmoja mbele ya kamera, huwa haina tena jina la mlipa kodi.

Tunataka hati ya Kirumba ikabidhiwe Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela, ambamo kiwanja kimo, na jina libaki Kirumba peke yake. Hivyo hivyo na viwanja vyengine, kila kimoja kwa halmashauri yake. Tunataka mkutano wa chama upewe ulinzi ule ule unaopewa mpira, kwa askari wale wale na kwa mkao ule ule wa mikono nyuma. Na kwa upande wenu, matawi ya Unguja na Pemba yasingoje Bara. Kila tawi na liandike viwanja, majumba na mabaraza yaliyojengwa kabla ya 1992 ambayo leo yamepandishwa bendera ya chama kimoja: mahali, mwaka wa kujengwa, na majina ya wazee waliobeba mawe ambao bado wako hai na wataka kusema. Orodha hizo zipelekwe ofisini kabla wazee hao hawajatutangulia.