Nusu Saa Ambayo Haikuandikwa

Katika makala zinazoletwa kwenye jarida hili kuna sentensi tuliyoizoea mno: "Sampuli za kinyesi zilipimwa kwa njia ya Kato-Katz kama ilivyokwisha kuelezwa." Baada ya hapo mwandishi anapiga hatua hadi kwenye majedwali, kisha mjadala, kisha mapendekezo kwa Serikali. Ukiifuata rejea aliyoitaja, mara nyingi unaikuta nayo inakuelekeza kwenye makala nyingine, na hiyo nyingine inakupeleka kwingine tena. Mwisho wa safari unajua jina la njia, lakini hujui siku ile, katika maabara ile, ni nini hasa kilifanyika.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya mbinu za maabara, na hoja yetu ni moja: mtafiti asiyeandika mbinu yake kwa ukamilifu hajatoa matokeo, ametoa madai. Tunaanza na Kato-Katz kwa sababu ni njia ya kawaida kabisa, inayofahamika na kila mwanafunzi wa vimelea katika vyuo vyetu, kutoka wanaochunguza minyoo ya safura kule Pemba hadi wanaochunguza kichocho cha tumbo kandokando ya Ziwa Victoria. Ilichapishwa mwaka 1972 na Naftale Katz na wenzake wa Brazil, walioiboresha njia ya Kato wa Japani. Ni rahisi na haihitaji umeme mwingi. Kinyesi huchujwa kwa wavu, kikajazwa kwenye tundu la kibao kinachobeba miligramu 41.7, kikawekwa juu ya slaidi na kufunikwa kwa kipande cha selofeni kilicholowekwa kwenye giliserini yenye rangi ya kijani. Slaidi hugeuzwa na kubonyezwa ili kinyesi kitandazike sawasawa. Mayai yakishahesabiwa kwa hadubini, hesabu huzidishwa kwa 24, na hapo unapata idadi ya mayai katika gramu moja.

Kazi ya giliserini ni kukifanya kinyesi kipenyeke na mwanga ili mayai yaonekane. Tatizo ni kwamba giliserini haijui pa kuishia. Mayai ya minyoo ya safura yana ganda jembamba. Muda ukizidi, nayo hupenyeka na mwanga mpaka jicho haliyaoni tena. Ndiyo sababu miongozo inasisitiza kwamba slaidi ya safura isomwe ndani ya dakika 30 hadi 60 tangu kuandaliwa. Mayai ya kichocho cha tumbo, yale yenye mwiba ubavuni, ni magumu zaidi, na slaidi yake inaweza kusomwa hata kesho yake bila hasara. Kwa hiyo slaidi ileile, ya mtoto yuleyule, inaweza kusema ana safura saa nne asubuhi na kusema hana saa nane mchana.

Kazi yenyewe inavyokwenda tunaijua. Vikopo hukusanywa shuleni asubuhi, gari hupita shule ya pili na ya tatu, sampuli hufika maabara jua likiwa utosini. Slaidi themanini huandaliwa kwa mkupuo mmoja, wasomaji wakiwa wawili. Slaidi ya kwanza inasomwa ingali mbichi. Ya themanini inasomwa saa kadhaa baadaye, katika chumba chenye joto, na joto huharakisha kazi ya giliserini. Tuseme kabla ya watoto kumeza dawa ya minyoo, albendazole, slaidi zilisomwa zikiwa na umri wa nusu saa, na kwenye kipimo cha marudio, kwa sababu gari lilichelewa, zikasomwa zikiwa na saa mbili na nusu. Mayai yatakuwa yamepungua kwa sababu mbili, dawa na giliserini. Jedwali litataja sababu moja. Na jedwali hilo ndilo litakalowekwa mbele ya wanaopanga ugawaji wa dawa za minyoo mashuleni.

Hapa hakuna mtafiti mwongo wala msomaji mvivu. Kuna nusu saa ambayo haikuandikwa, na kwa kuwa haikuandikwa, hakuna mhakiki anayeweza kuiuliza wala mtafiti mwingine anayeweza kuisahihisha.

Wenzetu wa malaria wasidhani wamesalimika. Kuhesabu vimelea katika tone nene la damu hufanywa kwa kulinganisha na seli nyeupe: unahesabu vimelea huku ukihesabu seli nyeupe 200 au 500, kisha unakadiria kwamba mikrolita moja ya damu ina seli nyeupe 8000. Ukipata vimelea 50 kwa seli nyeupe 200, utaandika vimelea 2000 kwa mikrolita. Lakini ikiwa mgonjwa huyo ana seli nyeupe 5000 tu, jambo lisilo geni kwa watu wetu, idadi halisi ni 1250. Tofauti hiyo inatosha kumwingiza mgonjwa kwenye utafiti wa dawa au kumwacha nje. Hatuwalaumu wanaotumia 8000. Ni kadirio linalokubalika pale ambapo hesabu kamili ya damu haipatikani. Tunawalaumu wanaoandika 2000 bila kutaja imetoka wapi.

Ugonjwa huu wa kutoandika mbinu kikamilifu si wa maabara maskini peke yake. Mwaka 2021 nchini Marekani ulihitimishwa mradi mkubwa wa kurudia majaribio mashuhuri ya biolojia ya saratani. Wahusika walikusudia kurudia majaribio 193 kutoka makala 53. Waliweza kukamilisha 50 kutoka makala 23. Moja ya sababu ni hii: kati ya majaribio yote 193, halikuwapo hata moja lililoelezwa kwa ukamilifu wa kumwezesha mtu kuandaa itifaki ya kulirudia bila kuwauliza waandishi wa mwanzo. Nao waandishi, wengine walisaidia kwa moyo mmoja, wengine hawakujibu. Hizo ni maabara zenye majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri na umeme usiokatika.

Mfano mwingine unafundisha zaidi, kwa sababu waliohusika hawakuwa wapinzani bali washirika. Maabara ya Mina Bissell huko Berkeley na ya Kornelia Polyak huko Boston zilikuwa zikichunguza pamoja seli za titi la binadamu. Tishu za aina moja, mashine za aina moja, lakini picha za seli zilizotoka hazikufanana. Walihangaika kwa zaidi ya mwaka, wakikagua vifaa na vitendanishi kimoja baada ya kingine. Jawabu lilipatikana watafiti wa pande zote mbili walipokaa meza moja na kufanya kazi wakitazamana. Wakati wa kuivunja tishu ili kupata seli mojamoja, maabara moja ilikuwa ikikoroga kwa nguvu. Nyingine ilikuwa ikitikisa taratibu kwa muda mrefu zaidi. Kila upande uliona mkorogo wake ndio wa kawaida, hivyo hakuna aliyefikiria kuutaja. Walichapisha kisa hicho mwaka 2014, na wamewasaidia wengi kwa kukichapisha.

Wapo watakaotujibu kwamba jarida lina kurasa chache. Zamani jibu hilo lilikuwa na uzito. Leo kiambatisho cha kielektroniki hakiongezi gharama ya uchapaji. Wengine watasema kila mtaalamu anajua namna ya kupaka rangi ya Giemsa. Anajua ya kwao. Kuna wanaotumia asilimia 10 kwa dakika 10, kuna wanaotumia asilimia 3 kwa dakika 45, na kuna wasiopima pH ya maji yao ingawa inatakiwa iwe 7.2. Wengine hujificha nyuma ya maneno "kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji", ilhali vitendanishi ni ghali na ujazo ulipunguzwa nusu ili boksi moja lipime watu mara mbili. Kupunguza ujazo si aibu, mradi ulijaribu kwanza ukaona kipimo hakikuharibika, kisha ukaandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na data ni mali.

Anayejua mambo haya kwa undani mara nyingi si mwandishi wa kwanza wa makala. Ni fundi sanifu wa maabara, yule anayejua kwamba bomba la pili hutoa maji yenye chumvi, kwamba kipimajoto fulani husoma nyuzi mbili zaidi, na kwamba selofeni isipolowekwa siku nzima haifai. Jina lake huwekwa kwenye shukrani, likiwekwa. Tunapendekeza sehemu ya Mbinu iandikwe akiwepo, aisome kabla haijatumwa, na kama mchango wake ulifikia kiwango cha uandishi, jina lake lipande juu. Wasimamizi wa tasnifu nao wana wajibu: mwanafunzi aulizwe daftari la maabara kabla ya kuulizwa thamani ya p.

Kuanzia toleo lijalo, kila makala ya majaribio iletwe na itifaki kamili kama kiambatisho. Tunataka yaliyofanyika, si yaliyopangwa. Taja muda kati ya kuchukua sampuli, kuiandaa na kuisoma. Taja joto la chumba, aina ya maji, mtengenezaji wa kitendanishi na namba ya toleo lake. Taja wasomaji walikuwa wangapi, kama walijua sampuli ni ya nani, na slaidi ngapi zilisomwa upya na mtu mwingine. Umeme ukikatika na jokofu likapanda joto, andika tarehe na saa. Makala haitakataliwa kwa sababu imetaja kasoro. Itarudishwa ikiwa haina kasoro hata moja na maelezo yake ni mistari minne.

Pia tutapokea makala za mbinu tupu, zisizo na ugunduzi mwingine wowote. Anayeona hiyo ni kazi ndogo akumbuke kwamba makala iliyorejelewa kuliko zote katika sayansi ni ile ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, inayoeleza namna ya kupima kiasi cha protini. Imerejelewa zaidi ya mara 300,000. Haikutangaza ugonjwa mpya wala dawa mpya. Ilieleza kazi ya maabara kwa namna ambayo mtu mwingine aliweza kuifanya.

Basi, mwandishi, kabla hujatutumia makala yako, mpe mwenzako wa chuo kingine sehemu ya Mbinu peke yake, aifuate hatua kwa hatua bila kukupigia simu. Akifika mwisho, tutumie. Akikwama, makala bado haijaisha. Rudi maabara ukaimalize.