Mwalimu wa Miaka Mitatu
DUCE na MUCE, vyuo vikuu vishiriki vya elimu vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vilipoanzishwa mwaka 2005, Tanzania ilikuwa na kiu kubwa ya walimu wa sekondari. Shahada ni ya miaka mitatu: masomo mawili ya kufundishia, saikolojia, mitaala, kisha mazoezi ya kufundisha. Hapo kwenye mazoezi ndipo penye ugomvi wangu. Mwanachuo anafika na azimio la kazi na andalio la somo vilivyonyooka, lakini akigeukia ubao tu, Kidato cha Pili kinalipuka kwa kelele. Mhadhiri anakuja kumkagua, anakaa nyuma, anajaza fomu, anawahi basi. Kulea walimu wapya ni kazi ya mwalimu mzoefu wa shule ile, naye alipwe kwa hilo. Kwa sasa, mgeni akishapewa vipindi, mwalimu mwenye somo haonekani tena darasani.