Azima Injini, Lakini Dashibodi Iwe Yako



Leo naomba ruhusa niache kidogo habari za msimbo na hifadhidata nizungumzie gari. Wale mnaokuja hapa kwa ajili ya programu msiondoke, tutarudi kwenye tarakilishi kabla ya kumaliza. Mjadala huu wa wapenda magari ni wetu pia.

Gari lenyewe ni Toyota Supra. Supra ya kizazi cha nne, ile inayojulikana kama A80, ilianza kuuzwa mwaka 1993 na ikaacha kuundwa mwaka 2002. Filamu ya The Fast and the Furious ya mwaka 2001 iliipatia mashabiki hata miongoni mwa watoto wa shule ambao leseni waliisikia tu. Baadaye ikawa kimya. Watu walingoja karibu miaka 17, hadi Januari 2019, Toyota walipozindua Supra mpya, A90, kwenye maonyesho ya magari ya Detroit, Marekani.

Watu walishangilia. Kisha wakafungua mlango.

Ndani walikuta kijiti cha gia walichokwisha kukiona kwingine. Wakakuta kile kitufe kikubwa cha kuzungusha kando ya gia, skrini na menyu zake, vitufe vya redio na vya hewa. Vyote hivi mtu aliyewahi kukaa ndani ya BMW anavijua. Wala haikuwa siri. Toyota na BMW walitiliana saini mkataba wa ushirikiano Januari 2013, na matunda yake ni Supra hii na BMW Z4, ndugu wa tumbo moja, zote mbili zikiundiwa kiwanda kimoja mjini Graz, Austria. Hata injini ya lita 3 ni ya BMW.

Hapo mashabiki wakagawanyika makundi matatu.

Kundi la kwanza lilisema hii ni BMW iliyobandikwa nembo ya Toyota. Kundi la pili lilitaka dashibodi ya A80 irudi, ile iliyompinda na kumzunguka dereva kama chumba cha rubani. Kundi la tatu likajibu: acheni kelele, bila BMW msingepata Supra yoyote, mngebaki na mabango ukutani.

Mimi niko wapi? Nitawashangaza. Nakubaliana na kundi la tatu kuhusu injini, na kundi la kwanza kuhusu dashibodi.

Tuanze na injini. Supra zote tangu mwanzo zilijulikana kwa injini ya silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja. Toyota hawakuwa tena na injini ya namna hiyo ya kuitia kwenye gari jipya, na kubuni mpya kwa ajili ya gari la wanunuzi wachache ni kutupa pesa. BMW walikuwa nayo, na ni nzuri sana. Sisi waandishi wa programu tunafanya hivyo kila siku. Nani kati yetu anaandika hifadhidata yake mwenyewe kutoka mwanzo? Tunachukua iliyopo, tunaijengea juu, na mteja hajali hata kidogo, kwa sababu haigusi. Anayelalamika kuhusu injini ya Supra analalamikia nembo. Akikanyaga mafuta, gari linaondoka.

Dashibodi si hivyo. Dashibodi ni kiolesura, yaani ile sehemu ambayo mtumiaji huiona na kuigusa kwa mkono wake. Hapo ndipo anapoishi.

Chukueni mfano mmoja mdogo tu, kijiti cha indiketa. Magari ya Japani yanayotengenezwa kwa soko la kwao yana indiketa upande wa kulia wa usukani na waipa upande wa kushoto. Wakenya mnalijua hili, maana magari yetu mengi yametoka huko huko. Magari ya Ulaya yana indiketa upande wa kushoto hata usukani ukiwa kulia. Aliyewahi kutoka kwenye Toyota ya mtumba akaazimwa gari la Mjerumani anajua kinachotokea kwenye mzunguko wa kwanza wa barabara: unataka kuonyesha unapinda, waipa zinaanza kufuta kioo kikavu, na matatu ya nyuma inakupigia honi.

Sasa fikiria Mjapani aliyeendesha Toyota maisha yake yote, aliyeweka akiba ili anunue Supra, gari la Kijapani. Anaketi, anatoka nalo, anafika kona ya kwanza. Waipa! Maana indiketa ya A90, hata ile iliyouzwa Japani, iko kushoto kama ya BMW. Mtu huyo hajasoma mkataba wowote wa mwaka 2013. Mkono wake tu ndio uliomwambia kwamba gari hili lilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Najua jibu la wahandisi. Vijiti hivyo vimeunganishwa na nyaya na mitambo ya BMW, na kuvihamisha ni gharama kubwa kwa faida ndogo. Nalielewa jibu hilo vizuri mno, kwa sababu nimewahi kulitoa mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilijenga mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Nilichukua programu huria ya uhasibu iliyokuwa tayari, nikairekebisha, nikajisifu kwamba nimemaliza kwa miezi mitatu kazi ya mwaka mzima. Hesabu zilikuwa sahihi hadi senti ya mwisho. Lakini skrini ya kupokea pesa niliiacha kama nilivyoikuta. Mfumo wao wa zamani ulikuwa wa kibodi tu: namba ya mwanachama, kiasi, Enter, mwingine aje. Wangu ulitaka kipanya, na kitufe cha kughairi kilikaa pale ambapo mkono ulizoea kuhifadhi. Foleni ikatoka nje ya mlango.

Mama mmoja aliyekuwa karani wa muda mrefu aliniita pembeni, bila hasira, akaniambia, "Kijana wangu, mashine yako haina makosa. Ila nimekuwa mgeni kwenye dawati langu mwenyewe."

Nilikuwa na maelezo tele. Skrini ile imefungamana na msimbo wa ndani, kuibadilisha ni kazi, mtazoea tu. Nikayameza. Nilitumia wiki mbili kuandika upya skrini moja, na foleni ikarudi ndani. Wiki mbili hizo hazikuwa kwenye bajeti, nilizilipia mwenyewe. Ningeziweka tangu mwanzo kama ningejua kwamba kwa yule mama skrini ile ndiyo mfumo wenyewe, na mengine yote niliyojivunia hayaoni.

Sasa nirudi kwa kundi la pili, wale wa "turudishieni dashibodi ya A80". Hao siwaungi mkono. Dashibodi ile ilikuwa ya siku zake, na anayeitaka ilivyokuwa anataka ujana wake. Lakini chini ya malalamiko yao kuna jambo la kweli. Kilichopendwa kwenye A80 ni kwamba kila kitu kilimwelekea dereva, na aliyeketi pale alijua amefikiriwa yeye. Toyota walijaribu kidogo kwenye A90: saa iliyo mbele ya dereva ni ya kwao, na kipimo cha mizunguko ya injini wamekiweka katikati ambapo mwendesha gari la kasi hukitaka. Hapo wanastahili sifa. Ila mkono ukishuka kwenye gia, umeingia nyumba ya jirani.

Wala kuazima si jambo geni kwao. Toyota 2000GT iliyouzwa kati ya mwaka 1967 na 1970, gari linaloheshimiwa kuliko yote waliyowahi kuunda, ilijengwa pamoja na Yamaha. Yamaha ndio walioishughulikia injini, wakatumia pia ufundi wao wa kutengeneza ala za muziki kuandaa mbao za dashibodi. Mikono ilikuwa ya kuazima, lakini mbao zile zilichongwa kwa ajili ya gari lile. Ndiyo maana sijawahi kumsikia mtu akilalamika kwamba 2000GT ni piano yenye magurudumu.

Na ushahidi kwamba inawezekana ulikuja baadaye. Aprili 2022, baada ya mashabiki kudai kwa miaka mitatu, Toyota walitangaza Supra ya gia za mkono, ikiwa na kanyagio la klachi na kijiti cha gia kilichofikiriwa upya. Furaha iliyoonekana haikuhusu mwendo, maana gia za otomatiki zina kasi zaidi. Watu walifurahi kwa sababu hatimaye palikuwa na kitu cha kushika kilichowekwa pale kwa ajili yao. Na mwaka 2024 BMW nao wakaitia Z4 yao ya silinda sita gia za mkono. Aliyeazimwa akawa mkopeshaji!

Kwa hiyo ndugu zangu waandishi wa programu, azimeni injini bila aibu. Azimeni hifadhidata, azimeni maktaba za msimbo, hakuna atakayewauliza. Lakini mkipanga bajeti, tengeni kwanza pesa na siku za mahali ambapo mkono wa mtumiaji utagusa. Hapo msiazime, na kama ni lazima muazime, kaeni kwanza siku nzima kando ya mtu atakayepatumia.

Nanyi wenzangu mliowahi kuwasha waipa mkitaka kupinda, nambieni: kosa lilikuwa lenu, au la aliyeliunda gari?

Hadi wakati mwingine, endesheni salama.